Baba Aliyewanawisha Wageni Mikono

Kofi la kwanza halikumfurahisha mtu. Séverin alipiga kama anayefukuza nzi, akageuza uso pembeni, na Peguy akashusha kamera.

"Eish, Séverin! Hiyo ni kofi ama ni busu?"

"Shavu lake limeshaanza kuvimba," Séverin alijitetea. "Tuache, tutamalizia kesho."

"Kesho nyumba ina wenyewe," alisema Ezéchiel, akiwa bado amepiga magoti kwenye zulia la watu. "Piga, kaka. Usinihurumie. Ukinihurumia wewe, na watazamaji watanihurumia, halafu filamu imekufa."

Basi Séverin akapiga. Ezéchiel akazunguka mzima mzima, akadaka pazia, pazia likamkataa, akaketi pwaa! juu ya sahani ya ugali iliyowekwa pale kwa kazi hiyo. Mdomo ukamshuka upande mmoja, jicho moja likabaki wazi likiomba radhi kwa niaba ya lenzake. Peguy alicheka mpaka picha ikatikisika, ikabidi warudie, na Ezéchiel akapigwa tena.

Huyo ndiye Kandambili, boyi anayepigwa na bosi wake Patron, kama humjui. Kuanzia mwaka 2009, Peguy alipoacha kurekodi harusi tupu na kuanza kutengeneza filamu za vichekesho kwa Kiswahili, Wakongo na Warundi wa Durban walikuwa hawana mwingine wa kumcheka. Diski ziliuzwa sokoni Warwick, ubavuni mwa wauza mizizi na magome, na nyingine zilipanda mabasi kwenda Bujumbura na Uvira. Kwenye jalada alikuwa Séverin, Patron mwenyewe, ndani ya suti, jina lake kwa herufi kubwa. Jina la Ezéchiel lilikuwa chini, na mara nyingine Peguy alilisahau kabisa. Lakini hakuna aliyetoa pesa yake kununua suti. Watu walinunua kofi, na mtu anayejua kulipokea.

Simu ililia akiwa bado anajikung'uta ugali matakoni. Alikuwa mke wake, Libérate.

"Wamekubali," alisema. "Watakuja Jumamosi kuleta posa ya binti yetu."

"Mungu asifiwe! Mbona sauti hiyo sasa?"

"Mzee wao anauliza kitu. Njoo nyumbani."

"Anauliza nini?"

"Nimesema njoo nyumbani, papa Anaïs."

*

Nyumbani kwao kulikuwa ni chumba kimoja na nusu katika ghorofa la Overport. Nusu iliyobaki ilikuwa ya familia nyingine, na kilichowatenganisha ni pazia, kwa hiyo mambo ya siri hayakuwepo. Kwenye kiti pekee chenye mikono alikuwa ameketi Jacques, kaka yake Libérate, msemaji wa kila shughuli, awe mtu anaoa au anazikwa. Ulimi wa Jacques ulikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yake.

"Shemeji, karibu ukae," alisema, na hapakuwa na pa kukaa.

"Mzee ameuliza nini?"

Libérate alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa. "Désiré wa Anaïs ameleta maneno ya baba yake. Mzee Ladislaus anauliza hivi: nani atatupokea?"

"Basi?"

"Unataka nini tena? Mtu anajua binti ana baba. Jina la baba analijua. Halafu anauliza nani atatupokea! Hujasikia hapo?"

Ezéchiel alikuwa amesikia, ila alitaka mwingine aseme. Na Jacques hakuwahi kukataa kusema.

"Mkubwa anakupa mfupa, shemeji, nyama unaweka mwenyewe. Ladislaus ni mzee wa kanisa. Iko na karakana ya vitanda kule Chatsworth, vijana wanamfanyia kazi, na hakuna aliyewahi kuona meno yake. Mtu wa namna ile akae mbele ya Kandambili azungumze mambo ya mali? Hawezi. Ndiyo anauliza kwa heshima, ili na sisi tujibu kwa heshima."

"Mimi siitwi Kandambili. Naitwa Ezéchiel."

"Wewe unajua. Mimi najua. Wao?"

Ezéchiel alianza kutembea, kama kawaida yake akibanwa: hatua mpaka dirishani, hatua mpaka kwenye jiko, na kurudi. Chumba kilikuwa kidogo kwa hasira ya kutembea. Libérate akaikwepesha sufuria.

"Sasa mnataka nini? Nife?"

"Mdomo wako!" Libérate akashtuka. "Tunataka baba mkubwa apokee. Mila inaruhusu, kwenu na kwetu."

"Baba mkubwa gani? Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa."

"Tutakupatia mkubwa," Jacques alisema. "Tutafute mtu anayejua kukaa kitini. Mwenye suti yake."

Kila mtu mle ndani alishajua ni nani, ila aliyethubutu kumtaja alikuwa mama wa upande wa pili wa pazia, tena bila kuombwa. "Si yule patron wake?"

Ezéchiel akamgeukia binti yake. Anaïs alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, simu mkononi, kioo kimeshazima.

"Na wewe unasema hivyo?"

"Papa, Jumapili ile ulipoombwa kuongoza sala, ulisema tu 'Baba yetu,' watu wakacheka. Papa, walicheka! Na pasta alicheka. Siku moja tu, nakuomba. Kanisani ni wewe utanishika mkono mpaka mbele, siku ya harusi yenyewe. Ile siku hakuna wa kukunyang'anya."

"Nakuahidi mbele ya kaka yangu," Libérate akaongeza upesi. "Kanisani ni wewe."

Iliuma. Mtu angesema haikuuma, angekuwa mwongo. Ezéchiel hakuwa amewahi kumwomba Peguy picha ya jalada, wala jina kubwa, wala kofi moja la kurudisha. Lakini kumtembeza Anaïs katikati ya watu wote wamesimama, yeye wa kulia na binti wa kushoto, hilo alikuwa analibeba moyoni tangu mtoto anajifunza kwenda. Akajiambia kwamba kama hilo limebaki, mengine ni ya kumeza tu.

"Sharp, sawa," alisema. "Siku moja."

*

Asubuhi yake alivaa kizibao chake cha manjano akaenda kulinda magari, kwani filamu za Peguy zililipa sahani ya wali na nauli, na wali hauendi kulipa nyumba. Eneo lake lilikuwa mbele ya maduka, pale Overport. Mchana jua likiwa kali, akaja Mrundi mmoja na mke wake, wakatoka na mifuko yao, na yule mwanamke akapiga ukelele.

"Yoo! Si Kandambili huyu? Fanya ile ya mdomo! Fanya, mume wangu akupige picha!"

Ezéchiel akafanya. Angefanyaje? Wenye magari ndio wenye sarafu. Akashusha mdomo, akafungua jicho lile, akajipiga kofi mwenyewe, watu wakajaa. Katikati ya vicheko akawaona Anaïs na Désiré wanatoka dukani. Désiré, kijana mrefu mwenye haya, alikuwa bado hajaona kitu. Anaïs aliona. Akamshika mchumba wake kiwiko, akamgeuza taratibu kama anayemwonyesha bei ya sabuni, wakarudi ndani ili watokee mlango mwingine.

"Tena! Rudia!" yule mwanamke alikuwa anasema.

Akarudia.

Jioni akashuka Warwick. Séverin alikuwa na meza ya makoti ya mitumba karibu na wenye taxi, na suti zote za Patron zilitoka kwenye meza ile, zikirekodiwa asubuhi na kuuzwa mchana. Alimsikiliza Ezéchiel mpaka mwisho, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Kaka, hii si filamu."

"Najua."

"Mimi ni Mluba. Nitakuwaje kaka yako mkubwa? Hata lugha yenu siijui!"

"Watazungumza Kiswahili. Wewe kaa, nyoosha mgongo, sema machache. Si ndiyo kazi yako?"

"Kwenye filamu wewe uko chini hapo unanipa maneno. Unadhani sijui? Nikisahau unanong'ona, nikinyamaza unaanguka. Pale nikikosea, nani atasema tukate turudie?"

Ezéchiel hakuwa amefikiria hilo. Alisimama pale akitafuna mdomo, wapakiaji wa taxi wakimpigia kelele kwamba amewazibia njia, na ndipo lilipomjia.

"Nitakuwemo ndani," alisema. "Nitawanawisha wageni mikono."

"Ile kazi ya mabinti?"

"Nipe kofia moja hapo mezani. Nitapita na birika na beseni, hakuna atakayenitazama. Anayekunawisha humtazami usoni."

Séverin akampa kofia, na pesa yake akaikataa. Kisha akasema, bila kumtazama, "Samahani kwa yale ya jana, shavu."

"Lile la pili lilikuwa zuri," Ezéchiel alimjibu, na hakuwa anatania.

*

Jumamosi lifti ilikuwa imekufa. Ezéchiel alipanda na kushuka ngazi na viti vya kuazima, akavipanga, akavipangua, akaosha birika lililokuwa safi, akaliosha tena. Libérate alimwambia atulie, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha kitenge mara nyingi kuliko bibi harusi. Pazia la katikati lilifunguliwa ili nyumba ionekane nyumba, na mama wa upande wa pili akapata kiti cha mbele kama mtu wa ukoo.

Wageni wakafika wakihema. Mzee Ladislaus alikuwa mfupi, mpana, na viganja vya mtu aliyeshika randa maisha yake yote. Alipofikiwa na beseni alinyoosha mikono, maji yakamwagika juu yake, na badala ya kutazama maji akatazama chini ya ile kofia. Hakucheka. Hata mdomo haukumchezacheza.

"Asante, baba," alisema.

Ezéchiel akainama, akapita kwa mwingine. Alijituliza kwamba wazee wenye adabu wanamwita kila mtu baba.

Mambo yakaanza. Msemaji wa wageni akasema wamesikia katika nyumba hii kuna ua. Jacques akajibu maua ni mengi, na mengine yana miiba, wao wanataka lipi? Watu wakacheka inavyotakiwa. Séverin alikuwa ameketi kwenye kile kiti chenye mikono, suti ya rangi ya majivu, mguu juu ya mguu, na kwa kweli alipendeza kumwita baba mkubwa wa mtu. Kisha msemaji wa wageni akamgeukia.

"Mzee wetu, sisi tunaambiwa binti anaitwa Anaïs. Hilo ni la shule. Bibi yake alimwita nani?"

Séverin akafungua mdomo. Jasho likamtokea juu ya mdomo, likakusanyika. Na hapo Ezéchiel alikuwa amefika kwenye kiti cha jirani na beseni lake, mgongo ameugeuzia wageni, na midomo yake, kwa ufundi ule wa miaka yote, haikutikisika hata kidogo.

"Mapendo," ilikuja sauti ndogo.

"Mapendo," Séverin akasema, kwa ile sauti yake nzito ya kupendeza. "Bibi alimwita Mapendo."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Na alizaliwaje huyu Mapendo?"

Birika likasogea. "Kwa mguu. Mvua. Nesi jirani."

"Alitanguliza mguu," akasema Séverin, sasa ameanza kunogewa. "Usiku wa mvua kule Uvira. Aliyemtoa ni nesi jirani yetu. Mimi mwenyewe nilishika taa!"

La taa aliongeza mwenyewe. Aliyeshika taa alikuwa Ezéchiel, akilia kuliko mzazi, na Libérate akainamisha uso aliposikia, kwani alikumbuka. Lakini vigelegele vilikuwa vimeshapanda, na Jacques akamkonyeza dada yake: yamekwenda vizuri.

Akaitwa Anaïs. Aliingia amevaa kitenge kipya na macho yameangalia chini, akaulizwa kama anawajua hawa watu, akasema anawajua. Wapokee mali yao? Wapokee. Akaulizwa tena, na tena, ili isije ikasemwa alilazimishwa. Ndipo msemaji wa wageni akampa sinia lenye bahasha. "Haya, binti. Mpelekee baba."

Chumba kilikuwa kidogo. Upande huu palikuwa na kiti chenye mikono, na upande ule mlango, na mlangoni mtu wa birika. Anaïs alisimama na sinia, na kwa kitambo kidogo, kidogo sana, aliangalia mlangoni. Ezéchiel akaona. Akalitupa jicho lake kuelekea kitini, harakaharaka, kama anavyomwonyesha Séverin alama yake ya kusimama. Binti akafuata jicho. Akaenda akapiga magoti mbele ya Séverin, Séverin akachukua bahasha, na nyumba ikalipuka kwa vifijo. Ezéchiel naye akashangilia, birika likimwagikia viatuni.

Vifijo vikapungua, na mzee Ladislaus akasimama.

Baba wa bwana harusi hasimami. Ana msemaji. Jacques mwenyewe alibaki amefungua mdomo.

"Huwa sisemi katika shughuli hizi," mzee alisema. "Leo nitasema. Mimi nilikuja kwa baba wa huyu binti. Nimemkuta mlangoni ananinawisha mikono."

Mtu akakohoa, akajutia kukohoa.

"Filamu zake ziko nyumbani kwangu zote. Mama Désiré alipokuwa mgonjwa, kabla hajatutoka, alikuwa hali, hanywi. Tunamwekea huyu, anaangukia ugali, mama anacheka. Akishacheka anaomba uji. Nimekuja leo nimshike mkono. Niliuliza nani atatupokea ili nijue nilete bia ama soda. Nilimuuliza mwanangu, akasema watakwambia. Hawakuniambia. Nikaleta zote."

Na kweli, kreti mbili zilikuwa pale mlangoni.

"Binti," akasema, akionyesha kwa kile kiganja kipana. "Huyu ni nani?"

Anaïs alikuwa bado amepiga magoti. "Ni papa," alisema, na aliyesikia alikuwa wa karibu tu.

"Na bahasha umempa nani?"

Anaïs akalitazama sinia tupu. Désiré alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Leo baba yako anakutia haya, umemvisha kofia umemweka mlangoni," mzee alisema. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Kesho mwanangu ataishiwa, ataumwa, atachekwa na watu. Utamweka wapi?" Akamnyooshea Séverin mkono. "Naomba ile bahasha, mzee."

Séverin akaitoa upesi kama inayomuunguza. Wanawake wa upande wa wageni wakaanza kutafuta mikoba yao. Libérate alishika kichwa. Anaïs hakulia, alikuwa amepauka tu, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

Ezéchiel akaweka birika chini.

Alivua kofia akaja mpaka katikati, na watu wawili watatu, kwa mazoea tu, wakaanza kucheka. Hakuwakasirikia. Alijua vicheko kama mvuvi anavyojua maji: alisimama akangoja kicheko kile kiishe chenyewe, uso umetulia, mikono imening'inia. Kikaisha. Na alipofungua mdomo ilitoka sauti ambayo wengi mle ndani hawakuwahi kuisikia, ya mtu mzima wa kawaida, aliyechoka kidogo.

"Mzee wangu, umenipa heshima sijui niiweke wapi. Lakini binti umemwonea. Makosa ni yangu mimi."

"Sema."

"Mimi ni mtu wa Uvira. Katika ukoo wetu, baba hamtoi binti wake wa kwanza kwa mkono wake. Mkono uliolea hauwezi kutoa. Anatoa mkubwa. Baba yeye anachukua maji, anawanawisha wageni, ili wajue binti yao ametoka nyumba inayojua kutumikia." Alikuwa anabuni neno baada ya neno, na kila neno lilimkuta limesimama linamngoja. "Anaïs alilia tangu juzi. Alisema papa, watakuelewa vibaya, kaa kitini. Mimi nikakataa. Niliwakataza hata kulieleza, kwani mila ikielezwa inakuwa matangazo. Sasa unamwadhibu kwa kunitii."

"Kabisa!" Jacques akadakia, haraka mno. "Ndivyo ilivyo!"

Na mama wa upande wa pili wa pazia, Mungu amzidishie, akasema kwamba hata wajomba zake waliokaa jirani na Uvira walikuwa wanasimulia habari hiyo.

Mzee Ladislaus akamtazama Ezéchiel kwa muda, jicho moja limefinywa, vile fundi anavyotazama ubao kama umepinda.

"Na baba yako alifanya hivyo?"

"Kwa dada yangu. Aliwanawisha mpaka maji yakaisha, akatumwa mtu ziwani."

Wakacheka, hata Désiré. Mzee hakucheka, lakini bega lake lilishuka. Bahasha ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mimi ni Mrundi," alisema polepole. "Siwezi kuhukumu mila ya ukoo wa mtu. Kama ni hivyo, binti nimemkosea, na nitamwomba radhi." Kisha akauliza, kwa upole, akitaka tu kuelewa, "Kwa hiyo hata kanisani? Mimi nilishamwambia pasta nitasimama nikuone ukimleta kwa mkono wako. Ule nao ni mkono wa kutoa. Atamleta huyu mkubwa?"

Hapo ndipo Ezéchiel alipoona mahali maneno yake yalipomfikisha. Alitafuta pa kutokea. Angeweza kusema kanisani ni vingine. Angeweza kusema wazungu walipoleta kanisa mambo yalibadilika. Lakini lile jicho lilikuwa bado limefinywa, na bahasha ilikuwa bado upande wa wageni, na mila inayogeuka ikiona madhabahu haina mtu wa kuiamini.

Anaïs akainua kichwa. "Papa," alisema. "Papa, hapana..."

Akamtazama binti yake. Lilikuwa jicho lile la kazini, la kumwambia mwenzako asivunje, aendelee, kamera bado inazunguka. Anaïs akafunga mdomo.

"Hata kanisani, mzee," Ezéchiel alisema. "Atamleta mkubwa. Mimi nitakuwa mlangoni."

Mzee Ladislaus akainamisha kichwa kwa heshima kubwa. Akairudisha bahasha kwenye sinia kwa mikono miwili, akamshika Ezéchiel mkono, akautikisa kwa muda mrefu, akamwita ndugu. Vigelegele vikapanda mpaka wa ghorofa ya juu wakagonga sakafu. Séverin alikuwa amekaa kitini pake, bahasha imerudi mapajani, anatazama ukuta. Jacques akafungua kreti. Chakula kikaletwa, na kwa kuwa wageni walikuwa wameshashika pesa na kushikana mikono, ikabidi wanawe tena, na Ezéchiel akaokota birika lake.

Alianza na wanawake wa upande wa Désiré. Nyuma yake Anaïs, bado yuko chini kwenye zulia, alikuwa ameanza kulia, kilio cha kwikwi, uso wote ndani ya kitenge, Libérate amemkumbatia na yeye machozi yanamtoka. Wale wanawake wakanyoosha shingo wamwone vizuri, na yule mkubwa wao, mikono yake ikiwa bado juu ya beseni, akamgeukia mwenzake kwa furaha.

"Umeona? Huyu kweli amelelewa," alisema. "Binti mwenye adabu siku ya posa lazima alie, anakumbuka anaondoka kwao."